Fremu ya medali za babu: fundi amefanya kazi safi, na kila medali ina vita yake

Kama kwenu kuna medali za mzee zimelala kwenye mkebe na hujui uzipeleke wapi, soma hii mpaka mwisho, mimi nimehangaika nazo miaka miwili kabla nipate mtu anayejua anachofanya. Fundi mwenyewe yuko Nairobi, ana kachumba kadogo cha fremu ghorofa ya juu, na ameniomba nisiweke jina wala namba yake hapa kwa sababu anafanya kazi peke yake na hataki simu mia kwa siku. Ukinitafuta inboksi nitakuelekeza.

Mzigo wenyewe ulikuwa medali tano. Babu alitoka Machakos, akaandikishwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) 1940, akatoka jeshini 1957 akiwa sajini, na alipofariki shangazi ndiye alibaki na mkebe wa biskuti wenye medali, kitabu chake cha mshahara na kitambaa cha kijani kilichokuwa kimezifunga. Mahali pa kwanza nilipozipeleka, duka lingine kabisa, yule jamaa alitaka kuzisugua na dawa ya shaba ziwake, halafu azibandike na gundi kwenye velveti nyekundu. Nilimnyang'anya zikiwa tatu bado hazijaguswa, lakini mbili zilikuwa zimeshasuguliwa na mpaka leo ukiangalia herufi za katikati zimelainika, hazishikiki kwa kidole kama zile zingine. Sitasahau hiyo kitu.

Huyu fundi wa pili kitu cha kwanza alifanya ni kunawa mikono. Akatandika kitambaa cheupe mezani, akazipanga moja moja, halafu akamwangalia shangazi akamuuliza, "Mama, mzee alikuwa upande gani wa jeshi?" Shangazi akasema KAR. Akatingisha kichwa, akasema basi hizi zina mpangilio wake, haziwekwi tu vile mtu anapenda, ile ya mwanzo inakaa kushoto kwako ukiangalia fremu, zingine zinafuata. Hapo nikajua tumefika.

Sasa niwaeleze hizo medali, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini nasifu kazi ya mtu kiasi hiki.

Tatu ni nyota za shaba zenye ncha sita. Ya kwanza ni ile ya 1939 hadi 1945, ya pili ni nyota ya Afrika, ya tatu ya Burma, au Bama kama wazee walivyoita, Myanmar ya leo. Halafu kuna medali ya duara ya vita yenye kichwa cha mfalme George wa 6 mbele na nyuma simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Ya mwisho ni ya fedha, ina kichwa cha malkia Elizabeth, utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani, na kijiti juu kimeandikwa KENYA. Hiyo ya mwisho nitairudia.

Watu wengi wanadhani KAR ilikuwa kitu cha vita ya pili tu, lakini ilianza tarehe 1 Januari 1902, wakoloni walipounganisha majeshi yao madogo ya Nyasaland (Malawi ya leo), Kenya, Uganda na Somalia ya Waingereza. Vita ya kwanza ikaja, ikapanuka mpaka vikosi 22 kufikia 1918, wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji na kurudi, na yule Mjerumani alisalimu amri Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kunyamaza. Baba yake babu alikuwepo kwenye hiyo vita, lakini yeye hakuwa askari, alichukuliwa kubeba mizigo, Carrier Corps, hao ndio Kariokor yetu na Kariakoo ya Dar zimepewa jina lao. Yeye hakuacha medali wala karatasi wala hata kitufe. Tunajua jina lake tu.

Babu na wenzake waliingia Somalia ya Waitalia mwanzoni mwa 1941 kupigana nao, wakavuka mto Juba mwezi wa 2, Mogadishu ikaanguka tarehe 25 mwezi huo huo, na kufikia tarehe 6 Aprili divisheni ya 11 ya Afrika ilikuwa Addis Ababa. Angalia kalenda uone mwendo huo, ni chini ya wiki 6 kutoka Mogadishu, wengine kwa lori na wengine kwa miguu. Mwezi wa 5 wakapigana Colito, kusini mwa Ethiopia, na jina hilo likabaki jeshini, kambi ya Dar es Salaam iliitwa Colito kabla haijawa Lugalo, na ndiyo ile ambayo askari waliasi Januari 1964. Huo utepe wa nyota ya Afrika una rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati wa jeshi la nchi kavu, na miwili ya bluu, iliyokolea ya wanamaji na ile hafifu ya wanaanga. Fundi alinionyesha hiyo kwa ncha ya kibano, bila kuugusa.

Halafu Bama. Hapa shangazi ndiye aliongea, fundi akaacha kazi akasikiliza.

Divisheni ya 11 ya East Africa (si ile ya 11 iliyofika Addis Ababa, hii ni nyingine) iliundwa Februari 1943, nembo yao kichwa cha kifaru, na ndani yake kulikuwa na Wakenya, Waganda, Watanganyika, watu wa Nyasaland na Northern Rhodesia (Zambia ya leo), hata hospitali kutoka Kongo ya Wabelgiji. Wakapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kufundishwa vita vya msituni. Si wote walifika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa topido na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache, watu 1,297 wakafa, na kundi kubwa kati yao walikuwa wapiga mizinga wa kwetu, rejimenti ya 301. Ukienda makaburi ya vita ya Ngong Road utakuta majina yao kwenye ukuta. Babu alikuwa na rafiki wa kijiji kimoja kwenye hiyo meli, na shangazi anasema jina la huyo rafiki ndilo alimpa mtoto wake wa tatu, yaani baba yangu. Mimi nilijua jina la baba yangu miaka yote bila kujua lilitoka kwa mtu aliyelala chini ya bahari.

Waliofika wakatupwa kwenye bonde la Kabaw, huko Bama, kupigana na Wajapani 1944 katikati ya masika, wakati ambao kwa kawaida majeshi hungoja mvua iishe. Tamu wakaichukua mwezi wa 8, kisha wakashuka na bonde kuelekea Kalemyo kwenye tope la kufika magotini, barabara yenyewe ikabidi itandikwe magogo lori zipite, chakula kikadondoshwa na ndege, malaria na homa ya utitiri wa msituni zikaangusha watu kuliko risasi. Babu alikuwa anasema, kwa maneno ya shangazi, kwamba soksi alivua baada ya siku 9 na ngozi ikaja nayo. Novemba wakaungana na Wahindi karibu na Kalemyo, tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa kwenye mto Chindwin, na hapo ndipo lilijengwa daraja la Bailey (la vyuma vya kuunganisha) la futi 1,154, refu kuliko lolote la aina hiyo duniani wakati huo, tanki za Slim, jenerali wa Waingereza, zikapita juu yake kwenda Mandalay. Kina babu walikuwa wamefungua njia, wao wakarudishwa India kupumzika. Ndiyo maana ukisoma juu ya Mandalay huwaoni.

Utepe wa nyota ya Bama ulikuwa umeliwa na wadudu karibu wote, umebaki kipande cha nyekundu ya katikati na uzi wa rangi ya machungwa pembeni. Duka lingine lingetupa. Huyu aliagiza utepe mpya wa milimita 32, upana wa asili, akashona nyota kwenye huo mpya, halafu kile kipande cha zamani akakiweka kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi nyuma ya fremu. Alituambia, "Hiki kilikaa kifuani kwake, mimi siwezi kukitupa." Shangazi alilia kidogo.

Sasa ile ya njano. Kijiti cha KENYA ni cha Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952. KAR hiyo hiyo iliyotoka Bama ikapelekwa Nyandarua na Mlima Kenya kuwinda Mau Mau, na babu alikuwa mmoja wao. Nyumbani hii medali imevunja vikao. Mjomba mmoja ambaye wakwe zake ni watu wa Nyeri alisema isiwekwe, itupwe, na mimi namwelewa kabisa, wakwe zake walipoteza watu. Fundi tulimwambia ukweli huo wote, akasema yeye atafanya tutakavyo, anaweza kupanga nne tu, lakini akageuza medali upande wa ukingo akatuonyesha na taa. Zile nyota hazina jina hata moja. Hii ya fedha imechongwa namba yake, cheo, jina lake lote na KAR, herufi ndogo sana zinazozunguka. Kati ya medali zote ni hii tu inayosema ni za nani. Shangazi akaamua hapo hapo kwamba zinakaa zote tano, mzee alipigana vita alivyopigana, na mtoto akiuliza aambiwe vyote. Mjomba hajafurahi lakini alichangia pesa.

Kazi yenyewe: fremu ya boksi ya mbao nyeusi, ndani kitambaa cha kijani (alitumia kile kile cha babu, alikiosha kwa maji ya baridi). Hakuna gundi popote. Kila utepe umeshonwa kwa uzi mwembamba unaoweza kukatwa, na ile ya fedha imeachiwa nafasi pembeni ukiinamisha fremu kidogo unasoma jina kwenye ukingo, hiyo nafasi ni yeye alifikiria, sisi hatukuomba. Kioo ni cha kuzuia miale ya jua. Nyuma ni skrubu, si pini za kupiga, kwa hivyo inafunguka.

Makosa yalikuwepo. Alisema wiki 3 ikawa 5, kwa sababu ya huo utepe kuchelewa, na simu alikuwa anashika mara moja kwa mara tatu. Kibati cha maandishi kilikuja kimeandikwa "Kabwe" badala ya Kabaw, nikakikataa, akachonga kingine bila kunidai. Na kioo hicho kinarudisha mwanga sana, ukikitundika mkabala na dirisha huoni kitu, sisi tumehamisha ukuta. Alinitoza shilingi 9,500, deposit nusu. Si rahisi, kuna wa 3,000 mjini, lakini nimeshasema huko walitaka kufanya nini.

Kitabu cha mshahara alikataa kukiweka ndani ya fremu, alisema wino utaisha kwa mwanga, akatutengenezea bahasha bure tukihifadhi kabatini. Juu ya kibati shangazi aliomba mstari mmoja zaidi, jina la baba yake babu na neno "mpagazi, 1914–1918", halafu ndio jina la babu linafuata. Ukienda kwake mwambie mapema kama unataka maandishi, andika mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na usisugue chochote kabla ya kupeleka.