NSSM kwenye kompyuta ya mizani: nyota nne

Nimemaliza msimu mzima wa mahindi hapa Kibaigwa nikitumia NSSM, kiprogramu cha bure kinachoifanya programu ya kawaida iwe huduma ya Windows, yaani programu inayoendeshwa chinichini hata kabla mtu hajaingia kwenye kompyuta. Shida yangu ilikuwa umeme. Ukikatika na kurudi, kompyuta ya mizani inawaka yenyewe, ila wa kuingiza nywila hayupo. Karani yuko nje anahesabu magunia. Skripti yangu ya Python, inayoandika uzito kwenye faili, ilitakiwa ianze bila kumsubiri mtu.

Mwanzoni niliandika huduma mwenyewe kwa pywin32, maktaba ya Python ya kuzungumza na Windows. Ikafanya kazi bila kulalamika, lakini faili langu la uzito, mizani.csv, likabaki na tarehe ya juzi. Mzee mwenye ghala akanijia: "Kijana, mizani yako imekula magunia yangu?" Nikapekua kompyuta nzima. Data zote zilikuwa C:\Windows\System32, zimejibanza katikati ya mafaili ya mfumo! Niliandika jina la faili tupu bila njia kamili (anwani yote ya folda, kuanzia C:), na huduma ya Windows huanzia folda hiyo, si pale skripti ilipo.

NSSM ina kisanduku cha Startup directory, unaitajia folda ya kuanzia. Ila ukichagua python.exe, programu inayoendesha skripti, inakijaza yenyewe kwa folda ya Python. Sikuangalia, na mizani.csv ikazaliwa upya huko. Siku hizi siachii kisanduku peke yake: ndani ya skripti natumia Path(__file__).resolve().parent, inayotaja folda ilimo skripti yenyewe, halafu naunganisha jina la faili.

Nakala za jioni nazo zilikuwa zinaenda Z:, folda ya kompyuta ya ofisini. Huduma haikuiona, maana herufi ile ni ya mtu aliyeingia, si ya mashine. Nikaandika \\OFISI\mizani, yaani jina la kompyuta ile na folda yake badala ya herufi, na kwenye kichupo cha Log on nikaweka akaunti yenye ruhusa ya folda ile. Ikakubali.

Kichupo cha I/O ndicho kilichoniteka. Huduma haina dirisha la kukuonyesha kosa, lakini hapo unaelekeza kila inachosema kwenye faili. Hapo pia weka njia kamili, tafadhali.

Toleo lake thabiti, 2.24, ni la 2014. Kwangu halijagoma. Nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya lile la python.exe.