MG ZS kwa mitaa ya Dar: jina la Muingereza, mwenye mali Mchina, na mi naikubali

Nianze na msimamo kabisa ili mwenye haraka asipoteze muda. MG ZS ya otomatiki, ile yenye injini ndogo ya tabo (turbo), ni gari nzuri ya mjini, na kwa mtu wa Dar anayetoka kwenye Toyota IST au Raum akitaka gari ya familia iliyo mpya mpya, namshauri aifikirie kwa uzito. Ila ainunue kwa kile kilichopo chini ya bodi, sio kwa ile nembo ya pembe nane hapo mbele. Na nasema hivyo wakati mi mwenyewe naipenda hiyo nembo toka utotoni, maana Upanga tulikuwa na mzee mmoja jirani alikuwa na MGB nyekundu, ile MG ya spoti ya zamani, anaifunika turubai na kuitoa Jumapili tu. Hapa mjini kila mtu ana yake, huyu anakwambia hiyo ni gari ya Muingereza bwana imara, yule anakwambia achana nayo, Mchina kabandika jina tu, na wote wawili wameshika nusu ya habari.

Habari nzima iko hivi. MG ni Morris Garages, ilianzia Oxford miaka ya 1920, jamaa anaitwa Cecil Kimber alikuwa meneja wa biashara ya magari ya William Morris, akawa anachukua Morris za kawaida anazivisha bodi nyingine na kuzichangamsha ziwe za spoti. Kampuni yenyewe inahesabu 1924 ndo mwaka wake wa kuzaliwa. Jina lilijengeka kwenye kiwanda cha Abingdon, huko ndo zilitoka MGA na baadae MGB, na MGB peke yake kuanzia 1962 mpaka 1980 zilitoka zaidi ya laki tano. Injini ya lita 1.8 ya kawaida kabisa ambayo fundi yeyote mwenye spana aliimudu. Uzuri wa MG haukuwa anasa, anasa ilikuwa kwa akina Jaguar, uzuri wake ni kwamba mtu wa mshahara wa kawaida alipata gari ya raha kwa hela anayoiweza. Hilo ni muhimu kwa nitakachosema huko chini.

Alafu mambo yakaanza kuyumba. Abingdon ikafungwa 1980, jina likawa linabandikwa kwenye Austin za kawaida, BMW wakalichukua kundi zima la Rover, MG ikiwa ndani yake, 1994, wakachoka, na mwaka 2000 wakaiachia Rover pamoja na MG kwa pauni 10. Pauni kumi wakuu, sio milioni kumi. Waliochukua walikuwa wafanyabiashara wa hukohuko Uingereza na Aprili 2005 ikafa kabisa mikononi mwao, kiwanda cha Longbridge pale Birmingham kikafungwa na watu kama elfu sita wakarudi nyumbani. Kwahiyo anayesema Mchina ndo kaiua MG, hapana, Mchina kaikuta maiti. Mwaka huohuo kampuni ya magari ya Nanjing ya China wakanunua mabaki, mitambo na jina, mwisho wa 2007 kampuni ya magari ya SAIC ya Shanghai ikaimeza Nanjing, na ndo mwenye mali mpaka leo.

Sasa hapa ndo ninapowapa heshima yao. Miaka ya mwanzo haikuuza kitu. Walileta MG6 mwaka 2011, wanaiunganishia palepale Longbridge, na Waingereza hawakuitaka, 2012 na 2013 kwa nchi nzima ya Uingereza MG haikufikisha hata magari elfu moja kwa mwaka. Mwenye mali mwingine angefunga duka. Wao wakaendelea, 2016 wakaacha kuunganisha Longbridge na uzalishaji wote ukahamia nje, kitu kilichowauma sana wapenzi wa zamani na mi nawaelewa kabisa, alafu 2017 wakaleta hii ZS. Mwaka 2023 Uingereza peke yake waliuza zaidi ya elfu themanini. Kutoka chini ya elfu moja mpaka huko ndani ya miaka kumi, na siri sio kubwa, walirudi kwenye lile lile la Kimber, gari ya bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Tofauti ni kwamba siku hizi mtu wa kawaida hataki kigari cha viti viwili kisicho na paa, anataka gari ya juu kidogo, milango mitano, buti la kuweka mizigo ya sikukuu.

Na kufufua jina sio kazi nyepesi kama watu wanavyodhani, kuna ushahidi. Sisi huku Datsun tunaijua, wazee wetu wamebeba mahindi na ndoo za maziwa kwenye pikapu za Datsun, na Safari Rally 1973 Shekhar Mehta alishinda na 240Z, hilo ni jina zito Afrika Mashariki yote. Nissan wakalirudisha 2013 kule India na gari inaitwa Go, bei chee, mwaka 2014 Global NCAP, hao wapima usalama wa magari, wakaigongesha ukutani ikapata nyota sifuri, na ilipofika 2022 jina likazikwa tena. Borgward ya Ujerumani nayo ilifilisika 1961, ikafufuliwa na hela za Wachina, ikafilisika tena. Kwahiyo hela ya Mchina peke yake haifufui kitu. Hata ZS, nisiifiche, 2017 Euro NCAP, wapima usalama wa Ulaya, waliipa nyota 3 kati ya 5, sababu kubwa ni kukosa breki ya kujifunga yenyewe gari ikitaka kugonga, ambayo wenzake wa Ulaya walikuwa nayo. Sio sifuri ya Datsun, lakini mwenye familia lazima alijue hilo kabla ya kutoa hela.

Turudi kwenye gari. Hii ninayoiongelea ni ya shemeji yangu, aliiagiza yuzdi kutoka Uingereza, na akisafiri kikazi inabaki kwangu kwahiyo nimeizungusha vya kutosha. Faida ya kwanza ya kuagiza Uingereza ni usukani kulia kama sisi, na redio. Wenye gari za Japan mnajua shida yake, redio inaishia 90 mpaka ufungiwe kile kidude cha kuongezea masafa, na skrini imejaa Kijapani mpaka unakariri tu kitufe kipo wapi. Hii unawasha stesheni zote za Dar zinashika, kila kitu Kiingereza, unachomeka simu ramani inakuja kwenye skrini ya inchi 8. Skrini yenyewe nzito kidogo kwenye kuitika, unabonyeza inafikiria, na jua la saa nane likipiga dirishani huoni kitu. Angalia pia dashibodi, spidi na odomita ni maili. Mtu anaona 40,000 anadhani imetembea kidogo, hiyo ni kilomita kama 64,000, na madalali wa yadi hawatakukumbusha.

Injini ni lita 1.0, silinda tatu, ina tabo, SAIC waliibuni pamoja na GM (General Motors) ya Marekani, inatoa nguvu farasi 111 na gia boksi ni otomatiki ya gia sita. Iko 999 cc, na kwa kuwa TRA wanapiga ushuru wa bidhaa kwa kuangalia ukubwa wa injini na umri wa gari, injini ndogo kwenye gari isiyo na miaka mingi inakuokolea hela ya maana, fungua kile kikokotoo chao mtandaoni ulinganishe na gari ya cc 2000 ya umri huohuo uone. Kuna na 1.5 isiyo na tabo, ila kwa Uingereza hiyo inakuja manyuo, na kwa foleni ya Mwenge jioni kanyaga klachi achia klachi sikutakii.

Barabarani sasa. Mjini iko vizuri kweli. Usukani mwepesi, una kitufe cha kuchagua uzito wake, kona za Kariakoo unageuza bila kutokwa jasho, unakaa juu unaona bodaboda zinazokuja pembeni. Ubaridi wa AC mbele ni safi hata ukiwa umesimama mataa ya Ubungo mchana, nyuma unachelewa kufika, watoto wangu wanalalamika mpaka tufike Magomeni. Buti ni lita 448, stroller, maji katoni mbili na gunia la mkaa vinaingia na linafunga. Ukiwa silensa, yaani umesimama injini inawaka, unasikia ule mtetemo wa silinda tatu, unaingia kwenye siti kidogo, sio ubovu, ndo ilivyo. Shida inakuja haiwei. Ukitoka Kibaha kwenda Chalinze una watu watano na mizigo, ukataka kuovateki maroli matatu yaliyofuatana, hapana, usijaribu. Ukikanyaga ghafla gia boksi inafikiria kwanza, alafu tabo inaamka, na muda huo basi linalokuja mbele yako limeshakaribia. Lazima upange kuovateki mapema na uwe na barabara ndefu wazi. Kwa anayeshinda njia ya Dodoma kila mara hiyo gari haimfai, achukue yenye pumzi.

Na rafrodi. Goba ndani ndani huko, Madale, Makabe, inapita kipindi cha kiangazi bila wasiwasi, lakini haina foo wili na haiko juu kama Forester. Mvua zikichanganya kule kwenye mfinyanzi, utaiacha kwa Mangi dukani utembee kwa mguu.

Sasa spea, na hapa ndo penye uzito wote. Bodaboda moja pale Sinza ilipita na kioo cha pembeni cha kushoto, kikabaki kinaning'inia kwa waya. Ingekuwa IST, Gerezani unapata kioo ndani ya saa moja na unachagua rangi, kipya, yuzdi, cha kuchonga. Nimezunguka Gerezani duka kwa duka na lile ganda mkononi, vijana wanaligeuza wanaangalia nembo wanauliza MG ndo nini kaka, mmoja ndo akasema ukweli, hii hapa hamna, tuma namba ya chesesi kwa watu wa Dubai. Na kweli ikawa Dubai, maana Uarabuni hizi gari zimejaa, kioo kikaja orijino kabisa, lakini nimeendesha wiki kadhaa nikiwa na kioo kimefungwa gundi ya karatasi, na bei jumlisha usafiri unaumia. Taa ya cheki injini nayo iliwahi kuwaka, fundi wetu wa siku zote Tabata mashine yake inasoma Toyota na Nissan hii inagoma, ikabidi tumtafute kijana mwenye mashine ya magari ya Ulaya na Wachina, ikaonekana ni sensa tu. Vile vya kawaida, filta, oili, pleti za breki, nunua seti mbili tatu kwa pamoja uweke stoo. Na vioo pamoja na taa viandikwe namba ya gari mapema, kwasababu kikiibiwa hicho huna pa kukikuta tena.

Ile waranti ya miaka 7 au maili 80,000 wanayojisifia nayo ni ya Uingereza, ukishaivusha bahari mwenyewe usiihesabu.

Kitu kimoja kinanigusa na nataka nikiseme. Miaka mingi kilichowauma wapenzi wa MG ni kwamba jina limerudi lakini gari ya watu wawili isiyo na paa hamna, ile TF iliyorudi 2008 iliachwa 2011, ikabaki magari ya familia kama SUV na vihachibeki. Mwaka 2024, MG ikitimiza miaka 100, SAIC wakaanza kuuza Cyberster Uingereza, viti viwili, paa la kitambaa, milango inapanda juu, ya umeme, ile ya mota mbili ina zaidi ya nguvu farasi 500. Ni nzito sana ukilinganisha na MGB na bei yake sio ya mtu wa kawaida, hapo wamekosea roho ya Kimber kwa maoni yangu, lakini wangeweza kuacha na hakuna ambaye angewadai. Nadhani hela za kuitengeneza zimetoka kwenye hizi ZS zisizo na mbwembwe, na mi hilo linanifanya niiheshimu ZS zaidi.

Kwahiyo kama umeshaamua, tafuta 1.0 otomatiki, ikiwezekana ya kuanzia 2020 waliporekebisha sura, taa na kuweka skrini kubwa zaidi. Mwambie muuzaji akutumie historia ya sevisi na zile rekodi za MOT, ukaguzi wa lazima wa Uingereza unaofanyika kila mwaka gari ikishafika miaka mitatu, mtandaoni zinaonekana bure ukiwa na namba ya gari ya Uingereza, na maili zimeandikwa humo mwaka kwa mwaka kwahiyo ni ngumu odomita kukudanganya. Muulize na fundi wako kama mashine yake inasoma MG, umuulize kabla hujatuma hela.