Kibao cha mninga kwa bustani iliyorudishiwa jina la wenyeji: tathmini ya kazi za mafundi wa Tabora

Bustani ya umma ikiacha jina la mgeni na kupewa la wenyeji, wananchi hukutana na jina hilo kwenye kibao kabla ya kulisikia popote pengine. Karakana za Tabora mjini hutoa vibao vya aina mbili: bati lenye stika, na ubao wa mninga uliochongwa herufi. Tunapendekeza mninga, tena bila kusita.

Bati ni nafuu na hukamilika haraka. Ila jua la hapa hupausha wino mwekundu na wa njano kwanza, kingo za stika hubanduka, na mvua za Novemba hadi Aprili hupenya chini yake. Jina kama la Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyekufa Januari 1893 Wajerumani walipovamia ngome yake, halistahili kufutika kabla watoto wa mtaa hawajalizoea.

Kwa mninga, kagua mbao kabla ya kulipa. Unayoitaka ni ya moyo wa mti, ya kahawia. Sehemu nyeupe ya pembeni huliwa na bungua. Muulize fundi hati ya kusafirishia mazao ya misitu, maana kibao cha heshima hakitengenezwi kwa mbao ya magendo. Ubao wa sentimita 150 kwa 60, unene sentimita 5, kwa kawaida huunganishwa kwa vipande vitatu vya sentimita 20. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mbao ikiwa bado mbichi, au fundi akitumia gundi nyeupe ya fanicha za ndani, maungio hufunguka. Dai gundi inayostahimili maji.

Herufi zichongwe kina cha milimita 8 hadi 10, zijazwe rangi nyeupe ya mafuta. Herufi ya urefu wa sentimita 10 husomeka na mtu aliye mita 30. Usikubali vanishi: juani hupasuka na kuchunika, na kuikwangua kutoka ndani ya herufi ni mateso. Mafuta ya kitani, mikono mitatu, kisha mkono mmoja kila mwaka kabla ya mvua, yanatosha.

Nguzo ziwe bomba la inchi mbili lililopakwa zinki, si mti, kwa sababu mti huoza pale unapotokea kwenye zege, na mchwa nao hawachelewi. Shimo liwe la kina cha sentimita 70, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), uso wake uinuliwe kidogo juu ya ardhi na kuteremka pande zote ili maji yasituame. Ncha ya juu ya bomba izibwe. Ikiachwa wazi, maji hujaa na kutu huanzia ndani. Bolti ziwe zilizopakwa zinki, na matundu ya kwenye ubao yawe mapana kuliko bolti ili mbao ipate nafasi ya kutanuka.

Udhaifu mkubwa wa mafundi wetu hauko kwenye patasi, uko kwenye tahajia. Huchonga walichosikia kwenye simu. Dai karatasi yenye maandishi kwa ukubwa kamili, ibandikwe ukutani, wazee wa ukoo unaohusika waisome na kuikubali kabla mbao haijaguswa. Herufi iliyokwisha kuchongwa hairudishwi.

Mpangilio wa majina nao una uzito. Huko Australia, hifadhi iliyorudishwa kwa Waanangu, wenyeji wa eneo hilo, mwaka 1985 iliitwa Uluru-Kata Tjuta mwaka 1993, lakini mwamba mkubwa uliomo humo uliandikwa Ayers Rock / Uluru, jina la wageni likiwa mbele, hadi 2002, ndipo jina la wenyeji likatangulizwa. Sisi hatuna sababu ya kusubiri hivyo: jina la wenyeji liwe juu, kwa herufi kubwa, na la zamani likihitajika liwekwe kwenye kibati kidogo cha skrubu chini yake, kiondolewe watu wakishazoea.

Usiagize chochote kabla baraza la madiwani halijaridhia jina. Likisharidhiwa, ombeni pia lirekebishwe kwenye mfumo wa anwani za makazi, la sivyo kibao kitasema hivi na ramani ya simu itasema vile.