Uzoefu wangu: kupendekeza vituo vya Pokémon GO Mji Mkongwe kupitia Wayfarer

Wayfarer ni mfumo ulioanzishwa na kampuni ya Niantic mwaka 2019 ili wachezaji wenyewe wajaze ramani ya Ingress na Pokémon GO, michezo ya simu inayochezwa kwa kutembelea vituo, yaani mahali halisi palipowekwa kwenye ramani ya mchezo. Unapendekeza mahali, wachezaji wengine wanapiga kura. Ili upendekeze, Ingress inataka uwe umefika ngazi ya 10 ya mchezo. Pokémon GO inataka ngazi ya juu zaidi. Kwa jumla naupenda, ila mpiga kura anaweza kuwa mtu asiyejua Darajani wala Forodhani. Ataamua kwa ulichomwonyesha tu.

Wengi huhangaika na picha ya kitu chenyewe. Mimi naona ya mazingira ndiyo inayobeba pendekezo. Rudi nyuma hatua kadhaa, kitu kionekane pamoja na njia panda, kibao cha duka au paa linalotambulika kwenye satelaiti. Kichochoro kisicho na Street View kinataka kazi ya ziada: piga picha ya mzunguko wa nyuzi 360, iweke Google Maps, kisha itaje kwenye maelezo ya ziada, yale yanayosomwa na wapiga kura. Nenda asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa, maana sura za watu na namba za gari ni sababu ya kukataliwa.

Pini, yaani alama ya mahali kwenye ramani, usiiachie simu. Katikati ya kuta ndefu GPS huyumba, ikaihamishia pini kichochoro cha pili. Isogeze kwa mkono kwenye mwonekano wa satelaiti. Mtandao ukisumbua, hifadhi pendekezo ulipandishe baadaye kwa Wi-Fi.

Sasa milango. Kila mgeni wa mfumo hukimbilia milango ya nakshi, na mingi inagonga mwamba, kwa sababu makazi binafsi ya familia hayakubaliwi hata mlango ungekuwa wa kale namna gani. Tafuta ya makumbusho, hoteli au jengo la umma, na useme wazi kwenye maelezo ya ziada kuwa hapo si nyumba ya mtu. Eneo la shule, kuanzia chekechea hadi sekondari, nalo halipiti. Kwa hiyo kiwanja cha mpira cha shule hapana, cha mtaa sawa, magoli yaonekane kwenye picha. Mbuyu mtupu ni mti tu. Wenye kibao cha historia una hoja. Ukuta uliopakwa rangi za kampuni ya simu ni tangazo, usijisumbue. Mahali pa watu kukutana kama Jaws Corner, penye kahawa na mazungumzo, ndipo mfumo unapopataka hasa.

Jina liwe mahususi: "Msikiti wa Malindi", si "Msikiti wa kale". Kwenye maelezo taja kinachoutofautisha, yaani ule mnara wake wa umbo la pia. Usiandike "tafadhali kubalini" wala "hapa hakuna kituo karibu". Kuwabembeleza wapiga kura kunaliangusha pendekezo zuri.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kupokea barua pepe ya kukubaliwa huku kituo hakionekani. Pokémon GO hugawa ardhi kwa gridi iitwayo S2, yenye miraba inayoitwa seli, na kila seli ya ngazi ya 17, yenye upana wa mita 70 hadi 80 hivi, hubeba kituo kimoja tu. Mji Mkongwe umebanana, kwa hiyo angalia ramani yenye gridi hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Seli ikiwa imejaa, mahali ulipopendekeza panabaki kwenye hifadhidata na huenda pakatokea Ingress. Majimu, yaani vituo ambako wachezaji hupambana, yanahesabiwa kwa seli kubwa za ngazi ya 14: vituo 2 huleta jimu la kwanza, 6 la pili, 20 la tatu.

Pendekezo likiwa bado kwenye foleni unaweza kurekebisha maandishi. Kura zikianza, basi. Likikataliwa, soma sababu kwanza. Ikiwa ni mahali kutothibitika, piga upya picha ya mazingira na utume tena. Rufaa iwekee lile pendekezo ambalo wapiga kura wamelielewa vibaya kabisa.