Children of Blood and Bone: Amari ndo kanibeba, yale mapenzi hapana

Nimemaliza Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, kile cha 2018 kilichovuma sana, na kiukweli ni kitabu kizuri mno ila kuna kipande huko katikati kimeniudhi kwelikweli.

Kwa ambaye hajasoma, stori iko kwenye nchi ya kubuni inaitwa Orïsha, lakini miji utaijua, Lagos, Ibadan, Ilorin, na miungu ni ya Kiyoruba, yaani hayo peke yake yamenifurahisha maana fantasia nyingi tunazosoma ni majoka na ngome za Ulaya tu. Miaka 11 nyuma nguvu za miujiza zilipotea, mfalme Saran akatumia nafasi hiyo kuua waliokuwa nazo, akiwemo mama yake Zélie, msichana ambaye ndo mhusika mkuu. Watoto wao wenye nywele nyeupe wakabaki wanatukanwa na kukamuliwa kodi, na kodi hiyo ndo inamfikisha Zélie sokoni Lagos na samaki wake, huko anakutana na binti mfalme anakimbia na gombo linaloweza kurudisha zile nguvu.

Huyo binti mfalme ndo Amari, na mimi kwangu kitabu ni chake. Watu wanamsifia Zélie, sawa, ana moto, lakini Amari anaanza akiwa mwoga kabisa, mgongoni ana kovu la upanga wa kaka yake tangu wakiwa wadogo baba alipowalazimisha wapigane, halafu anamwona baba yuleyule anamuua Binta, mtumishi wake na rafiki yake pekee, kisa tu kashika lile gombo mwanga ukamtoka mkononi. Amari anaiba gombo anatoroka. Hajui kupika, hajui kulala porini, hajui bei ya kitu, ila kila akitaka kurudi nyuma anamkumbuka Binta anasonga. Kule Ibeji kwenye mapigano ya meli nilikuwa nasoma nimesimama jamani!

Sasa Inan, kaka wa Amari. Sura zake za mwanzo ni kali, anawasaka wenzake huku na yeye zile nguvu zimemwamkia mwilini na anajichukia kwa hilo, mwandishi kaandika vizuri sana hofu ya mtu anayejikimbia mwenyewe. Halafu ghafla yeye na Zélie wanapendana. Huyu kijiji cha Zélie kimeungua kwenye msako wake, na baba yake ndo aliyeamuru mama yake Zélie auawe, na hawajafahamiana hata mwezi, siku chache tu na ndoto walizokutana humo basi. Mapenzi ya maadui yanawezekana na nayapenda kabisa yakipewa muda, ila hapa Zélie anasahau haraka mno, na sura zinazoliwa na hayo mabusu angepewa Tzain, kaka yake Zélie, ambaye hana nguvu zozote na anapoteza kila kitu kwa kumfuata mdogo wake lakini hana hata sura moja ya kusema mwenyewe. Wanaosimulia ni Zélie, Amari na Inan tu, kwenye kitabu cha kurasa zaidi ya 500!

Msiruke maelezo ya mwandishi mwishoni. Adeyemi ni Mmarekani wa wazazi Wanigeria, anaeleza alivyokiandika kipindi ambacho habari zilikuwa ni Weusi wasio na silaha wanapigwa risasi na polisi, na ukisharudi kusoma ile sura ya kwanza askari wanavyoingia kwa Mama Agba, bibi anayemfundisha Zélie kupigana, ule woga wa Zélie unauelewa vingine kabisa.

Ukitaka kumpa mdogo wako ajue kuna sehemu Zélie anateswa gerezani na haijafichwafichwa, kwa mtoto wa miaka 12 ningesubiri kidogo. Kiingereza chake chepesi, sura fupi, kinakimbia. Mimi nakipa nyota nne, na cha pili cha 2019 nakianza kwa ajili ya Amari.