Dazeni na moli: zinafanana wapi, zinaachana wapi

Dazeni ni 12, basi. Iwe ya mayai au ya vifungo, idadi haibadiliki. Kinachobadilika ni uzito. Moli, ambayo wanakemia huitumia kuhesabia atomu na molekuli, nayo ni jina la idadi tu, ila idadi yenyewe inatisha: 6.02214076 × 10²³, kama ilivyowekwa rasmi mwaka 2019. Moli ya kaboni ina takriban gramu 12, ya chuma karibu 56, lakini atomu ni idadi ile ile.

Zinapoachana ni kwenye kuhesabu. Mayai unayashika moja moja. Atomu huziwezi, unapima kwa mizani. Funda moja la maji, gramu 18, tayari ni moli nzima ya molekuli. Moli ya mayai, hata usijaribu: ingeifunika dunia kwa kina cha makumi ya kilomita.