Kumtazama Jirani au Kutazama Kitovu: Kulinda Nafasi Katika Umbo Kubwa la Angani

Miongoni mwetu hapa Moshi tunaoufuatilia mchezo wa kuruka kwa parachuti, bado pana mabishano kuhusu jambo moja: mrukaji aliyekwisha kuingia katika umbo kubwa, yaani kundi la warukaji wanaoshikana angani kabla ya kufungua parachuti, amtazame jirani yake, au akitazame kitovu, yaani katikati ya umbo hilo?

Kumtazama jirani kuna faida ya muda mfupi, kwa kuwa anayekaribia kumshika mwenzake mkono au mguu hulazimika kuona anaposhika. Tatizo huanza baada ya hapo. Jirani akipanda kidogo, nawe ukamfuata, na wa tatu akakufuata wewe, kosa la mtu mmoja husambaa hadi ukingoni kama wimbi, ilhali wote wanaanguka kwa takriban kilomita 200 kwa saa.

Anayetazama kitovu hutambua mapema kama yuko juu au chini ya wenzake, kisha hujirekebisha kwa mwili wake mwenyewe, akikunja kifua ili kupunguza kasi au akisukuma nyonga mbele ili kuiongeza, bila kumvuta mtu. Mwaka 2006, nchini Thailand, watu 400 waliunganika hivyo baada ya kuruka kutoka juu zaidi ya kilele cha Kilimanjaro, na hata hao walilishikilia umbo kwa sekunde chache tu.

Mimi nakitanguliza kitovu. Hata hivyo, kwa aliye ukingoni, ambaye kitovu chake hufichwa na miili mingine, mwenzake wa upande wa ndani anafaa kuchunguliwa mara kwa mara.